Mganda Haupandi Mlima

Beata aliurithi ugonjwa wa usafi kwa bibi yake wa Mapera, mwanamke ambaye akiona utando wa buibui darini halali mpaka autoe, hata ikibidi apande juu ya pipa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi, na bati lilipatikana mwaka ambao kahawa ilikubali, lakini sakafuni pake ungeokota punje ya harage ukaila bila kuipuliza. Kwa hiyo Beata alipoingia sekondari ya serikali pale Mbinga, hata kidato cha pili hakijafika katikati, alichaguliwa kiranja wa usafi. Hakuna aliyempinga. Nani angempinga, na ufagio alikuwa nao mkononi kabla hata ya kura?

Huo ulikuwa mwaka 1991. Ufagio huo usisahaulike, maana kisa chote kimetokana nao.

Miaka kumi na moja baadaye Beata alikuwa mwalimu katika shule ile ile. Alifundisha Kiswahili na kusimamia kipindi cha sanaa, Ijumaa saa nane mchana. Mwezi wa Mei, mkuu wa shule alimwita ofisini. Mkuu huyo aliitwa Mwalimu Abdulmalik, mtu wa pale pale mjini, ambaye babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa vitambaa akafungua duka karibu na stendi. Alikuwa mtu wa haki, hana makuu, ila alipenda mitihani kama wengine wanavyopenda mpira.

"Mwalimu Beata," alisema, "Ijumaa nimetoka msikitini nikapita dirishani kwako. Nimeona wanafunzi arobaini wanafungua midomo, na anayeimba ni redio."

Beata akainamisha kichwa. Ilikuwa kweli. Siku hizo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa: wanunuzi wa kahawa wa kila rangi, mitumba mpaka mlangoni mwa kanisa, mabanda ya video, na kanda za vijana wa Dar es Salaam wanaoimba kwa kusemasema. Wanafunzi walileta redio yao, wakavaa kofia kinyumenyume, wakafuatisha midomo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sanaa. Beata alikuwa anawaangalia tu na kupiga makofi, na moyoni alikuwa anaona haya.

"Shule za watu binafsi zinaota kila kona," mkuu akaendelea. "Wazazi wananiuliza divisheni, hawaniulizi kanda. Siku ya wazazi ni mwezi wa saba. Nionyeshe kitu wanachokifanya wenyewe, kwa vifua vyao, na kipindi chako kitabaki. Kama hakuna, Ijumaa saa nane itakuwa hisabati. Sikutishi. Nakwambia mapema ili usije ukasema sikukwambia."

Beata alitoka pale akaenda moja kwa moja stoo. Alijua anachokitafuta, na alijua kilipo: nyuma ya madawati mabovu, chini ya majembe ya shamba la shule, ndani ya gunia. Kulikuwa na vibuyu kumi na viwili mwanzoni. Sasa vilibaki vinne, na kimoja kilikuwa na alama ya moto ubavuni. Alikipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akakishika mapajani, akakaa juu ya dawati lenye miguu mitatu.

Ee, Ijumaa zile! Rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi ilikuwa ikigongwa saa nane, na kabla haijanyamaza, shule nzima iko uwanjani. Kahawa ya mlima wa ng'ambo imetoa maua, harufu yake inashuka na upepo. Wote wamevaa masweta ya kijani yaliyochakaa viwiko. Na katikati ya uwanja yuko Mwalimu Pankras, mrefu, mweusi, filimbi mdomoni, anapanga wavulana mistari minne kama gwaride.

Mwalimu Pankras alikuwa mtu wa ziwani, wa Mbaha. Watoto wa Kimatengo, wenyeji wa huku mlimani kwenye baridi, walikuwa wakimwigiza anavyotetemeka asubuhi na koti lake refu la jeshi, kisha mchana wakimfuata kila aendako. Alifundisha Kiswahili, lakini kilichomkosesha usingizi kilikuwa mganda, ngoma ya wanaume wa ziwa. Kaptula nyeupe, hatua za pamoja, mwili umelala mbele kidogo, ngoma kubwa moja nyuma, na vibuyu. Kibuyu cha mganda hakipulizwi kama tarumbeta. Mtu anaimba ndani yake, nacho kinaitikia kwa mkoromo kama wa mzinga wa nyuki, na wakiimba kumi na wawili kwa pamoja, kifua cha msikilizaji nacho kinatetemeka apende asipende. Beata alikuwa kwenye kwaya ya wasichana, upande wa pili wa uwanja. Kila vibuyu vilipoanza alisahau beti zake. Hakuwa ameambiwa kitu, hakuwa amekwenda ziwani hata siku moja, lakini aliamini kwamba sauti ile ndiyo sauti nzuri kuliko zote duniani, na hata leo bado anaamini hivyo.

Vibuyu Mwalimu Pankras alivitoa kwao likizo ya Desemba, vimeshatengenezwa kabisa. Wazee wa Mbaha walimpa kwa shingo upande. Walimwambia mganda ni kitu cha joto na cha mchanga. Huko kwenye ukungu unaupeleka ufe. "Mganda haupandi mlima," walisema. Yeye akacheka, akavifunga kwa kamba juu ya lori la usipa, dagaa wa kule ziwani, akapanda navyo.

Mwezi wa Juni shule ikachaguliwa kwenda Songea kwenye mashindano ya sanaa ya sekondari za mkoa. Jumatano walifanya mazoezi ya mwisho. Alhamisi Mwalimu Pankras akamwita kiranja wa usafi na kumwambia, "Beata mwanangu, nakuachia vyombo. Viweke vizuri kwenye magunia, kesho asubuhi tunaondoka."

Viweke vizuri. Mtu mwingine angeviweka kwenye gunia akaenda kula. Beata alivitoa nje kimoja kimoja, akavikagua kwa jua. Kila kibuyu kilikuwa na tundu dogo ubavuni, na ndani ya kila tundu kulikuwa na utando mweupe wa buibui, ule mgumu kama karatasi ambao buibui wa ukutani hufunikia mayai yake, tena umegandishwa kwa uchafu wa rangi ya kahawia. Vibuyu vya shule yake, vinakwenda Songea mbele ya wakuu wa mkoa, na ndani vimejaa nyumba za buibui! Angesema nini bibi wa Mapera?

Akachemsha maji. Akachukua sabuni ya kipande na kijiti alichokichonga ncha, akakwangua tundu baada ya tundu mpaka vidole vikauma. Alivisuuza mara tatu. Alifanya kazi ile kwa upendo, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa upendo zaidi. Jua lilipozama vilikuwa bado havijakauka, akavitia magunia hivyo hivyo, akalala usingizi wa mtu aliyetenda mema.

Njiani kulinyesha manyunyu yale ya Juni, maji membamba yasiyoisha, na magunia yakalowa. Lori lilichelewa, likaingia Songea saa tano, na jina la shule lilikuwa limeshaitwa. Hakukuwa na muda wa kujaribu kitu. Wavulana walivaa kaptula nyuma ya gari, wakanyakua vibuyu, wakaingia uwanjani kwa hatua nzuri mno, mpaka watu wakanyamaza kuwatazama. Aliyewaongoza alikuwa Mansuetus, kijana wa Liuli mwenye kifua kipana. Alinyanyua kibuyu, akaimba.

Kikatoka kitu kama mtu anayeita akiwa ameingiza kichwa ndani ya mtungi. Wengine wakadakia, mitungi kumi na miwili. Kicheko kikaanza upande wa kushoto na kuzunguka mpaka upande wa kulia. Hawakucheka kwa ubaya, watu wa Songea, lakini kicheko ni kicheko. Mansuetus alijaribu mara ya pili na ya tatu, machozi yanamtiririka, hatua hazikosei. Mwalimu Pankras akakimbilia uwanjani, akachukua kibuyu, akaingiza kidole kwenye tundu la ubavu.

"Utando hakuna," alisema. "Utando wote umekwisha."

Hapo ndipo Beata, amesimama na kwaya yake pembeni, alipoelewa kwamba nyumba zile za buibui ndizo zilizokuwa sauti.

Wakati wa kurudi, ndani ya lori, Mwalimu Pankras alisimama akishikilia kamba. "Wanangu, hakuna aliyekosa. Wazee waliniambia, nikajifanya msomi. Baridi imekula utando na manyunyu yamemalizia. Kosa ni langu peke yangu." Kisha akamtazama kiranja wake wa usafi. "Beata, angalau wewe uliufanya wajibu wako. Vilikuwa vimepangwa vizuri." Akavua kofia akajifutia uso, na ule uso haukuwa umeloa kwa mvua, maana turubai lilikuwa limefungwa. Beata alikuwa amekaa watu wawili tu kutoka kwake. Alifungua mdomo. Akaufunga.

Aliamini atasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa muhula, na jambo lisiposemwa mapema huota mizizi. Baada ya hapo hapakuwa na mganda tena shuleni. Mwalimu Pankras alifundisha ngonjera na kwaya, kwa bidii lakini bila filimbi. Ndiye aliyemwandikia Beata barua ya sifa ya kuingia chuo cha ualimu. Ndiye aliyemwita "mwanangu" mpaka siku aliyostaafu akarudi Mbaha. Na kila mwaka alipokutana naye alimwambia yale yale huku anatabasamu: mganda haupandi mlima. Msemo ule ulikuwa unamchoma Beata kama mwiba uliokatikia ndani.

Basi sasa, ndani ya stoo, kibuyu mapajani, Beata aliona njia moja tu. Kitu ambacho watoto wangekifanya kwa vifua vyao kilikuwepo, na mtu wa kuwafundisha alikuwepo, kule ziwani, chini ya mlima. Lakini mtu huyo asingepanda hata kwa kubebwa, kwa sababu aliamini jambo ambalo Beata peke yake alijua kuwa si kweli. Kumwambia ni kupoteza neno "mwanangu". Kutomwambia ni kupoteza Ijumaa.

Jumamosi alipanda lori lililokuwa linashuka ziwani kuchukua usipa, amebeba debe la maharage ya kwao na kibuyu chenye alama ya moto, amekifunga kwenye kanga. Njia nzima alirudia maneno kama mtoto anayekwenda kuungama kabla ya komunyo ya kwanza. Baada ya Lituhi ziwa lilifunguka lote upande wa kulia, na joto likaingia garini, akavua sweta.

Mwalimu Pankras alikuwa uani kwake anamenya muhogo na mkewe, Mama Gertruda. Alikuwa ameota mvi, amekonda kidogo, lakini alipomwona aliinuka na kisu mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Gertruda, mtazame Beata! Umekuja na baridi yenu?"

Walimpa maji, wakampa samaki mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo, wakamuuliza habari za kila mtu mpaka za mkaratusi wa rimu. Ndipo Beata akaeleza kilichomleta: redio, mkuu, siku ya wazazi, hisabati. Akafungua kanga akakiweka kibuyu juu ya mkeka. Mwalimu Pankras alikichukua. Akapitisha kidole gumba kwenye alama ya moto.

"Hiki alikuwa nacho Mansuetus," alisema. "Mwanangu, wewe unajua. Ningekuja, lakini mganda..."

"Unapanda, Mwalimu."

"Haupandi. Nilijaribu, ukaniaibisha."

"Haikuwa baridi. Ni mimi." Maneno yote aliyoyapanga tangu Mbinga yalimtoka kichwani, akabaki na yale mafupi tu. "Niliviosha. Alhamisi ile. Kwa maji ya moto na sabuni. Nilikwangua kila tundu kwa kijiti. Niliona ni uchafu. Uliponisifu ndani ya lori, nilikuwa najua."

Mama Gertruda aliacha kumenya. Kuku alipita katikati yao akadonoa ganda la muhogo, hakuna aliyemfukuza.

"Uliviosha," alisema Mwalimu Pankras.

"Ndiyo."

"Vyote?"

"Vyote kumi na viwili."

Alidhani atacheka. Katika njia zote alizoziwaza, ile aliyoitamani zaidi ilikuwa ile ya mzee kucheka na kusema amesamehe zamani. Mwalimu Pankras hakucheka. Uso wake ulibadilika polepole, na sauti ilipotoka haikuwa ya mtu aliyestaafu.

"Miaka kumi na moja! Beata! Unajua wazee walinicheka hapa mpaka wawili wakafa wakiwa bado wananicheka? Hilo si kitu. Padre wa Mapera, kwenu, aliniandikia barua nikafundishe vijana wake. Nikakataa. Shule ya Litumbandyosi walinifuata mpaka hapa uani, walimu wawili kwa miguu, nikawarudisha. Nikawaambia kwa nini kuwaaibisha watoto wa watu. Wewe umeosha vibuyu. Mimi kwa mdomo wangu nimewanyima watoto wa mlima mzima, na nilikuwa nawanyima kwa uongo ulioukalia wewe!"

"Nilikuwa mtoto, Mwalimu."

"Ulipoviosha ulikuwa mtoto. Mwaka jana ulikuwa mtoto?"

Mwalimu Pankras akaweka kisu chini, akatoka uani, akashuka kuelekea ufukweni bila kofia. Beata akalia kwa aibu, mikono imefunika uso. Mama Gertruda alimwacha alie, kisha akamsogezea beseni la muhogo.

"Menya," alisema. "Mficha uchi hazai, mwanangu, nawe umeshajifungua. Huyo namjua. Akikasirika hutembea mpaka kwenye mawe, akifika kwenye mawe hurudi."

Walimenya beseni zima, wakalimaliza, wakaanza la pili. Jua lilikuwa limeinamia upande wa ziwa Mwalimu Pankras aliporudi, miguu imejaa mchanga. Hakumtazama Beata. Alikwenda kwenye ukuta wa jiko, ukuta wa udongo uliokuwa na vidoa vyeupe vya mviringo huku na huku, akachagua kimoja, akakibandua kwa wembe taratibu kama mtu anayebandua stempu. Akaja nacho juu ya kiganja.

"Bandika," alisema.

Alimletea ulimbo wa mti kwenye kifuu. Beata aliushika utando kwa vidole vilivyozoea chaki, ukachanika. Akabandua mwingine ukutani, nao ukachanika. Wa tatu ulikaa upande, ukajikunja. Mama Gertruda alitaka kumsaidia, mumewe akamzuia kwa jicho. Utando wa tano ulikaa sawasawa juu ya tundu, umenyooka. Mwalimu Pankras akakichukua kibuyu, akaimba ndani yake sauti moja ndefu. Ukuta wa jiko ukaitikia. Beata alikuwa hajaisikia sauti ile tangu akiwa na miaka kumi na saba, na ilimrudishia kila kitu kwa mpigo: harufu ya maua ya kahawa, masweta ya kijani, Mansuetus.

Mzee akakishusha kibuyu. "Kipindi ni siku gani?"

"Ijumaa. Saa nane."

"Baridi imeanza?"

"Imeanza, Mwalimu."

"Hapa kinalia. Hapa kilikuwa kinalia siku zote. Huko sijui." Akafikiri. "Nitapanda. Lakini atakayewaambia watoto kilichotokea ni wewe, si mimi. Uwaambie kabla sijagusa kitu. Na huyo mkuu wako awepo."

Ijumaa iliyofuata ukungu ulishuka Mbinga tangu asubuhi, na saa nane manyunyu yakaanza. Wanafunzi arobaini walijazana darasani, redio yao mezani, wakamkuta mzee mrefu amekaa kwenye kiti cha mwalimu na koti refu la jeshi, kibuyu juu ya magoti. Mlangoni aliingia Mwalimu Abdulmalik, katoka msikitini, kofia bado kichwani, akasimama nyuma kabisa na mikono kifuani.

Beata alisimama mbele. Alianza na bibi wa Mapera, wakacheka. Akafika kwenye maji ya moto, wakacheka zaidi. Akafika Songea, wakaacha kucheka. Akafika ndani ya lori, kwenye mdomo uliofunguka ukafungwa, akaendelea mpaka mwisho. Msichana mmoja aliyekaa mbele, Luisa, kiranja wa usafi wa mwaka huo, alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Ndiyo hivyo," alisema Beata. "Ni mimi."

Mwalimu Pankras akainuka. Alitembea mpaka ukutani, akaelekeza kidole. "Fungueni madirisha."

"Kuna manyunyu, babu," alisema mvulana mmoja.

"Ndiyo maana nimesema mfungue. Yote."

Wakayafungua. Ukungu uliingia darasani, karatasi zikapeperuka mezani, watoto wakajikunyata ndani ya masweta. Mzee alikinyanyua kibuyu kuelekea dirishani, akakishikilia hapo dakika nzima kama anayekipa nafasi ya kukataa. Kama kisingelia sasa, basi wazee wale walikuwa na haki, na huyu angeshuka mlimani akiwa ameaibika mara mbili.

Akaimba.

Kibuyu kililia. Kililia kwa mkoromo ule ule, mnene, ukajaa darasani, ukatoka madirishani, ukasikika mpaka uwanjani ambako watu wa kidato cha nne walisimama kwenye manyunyu wakigeuza vichwa. Mwalimu Abdulmalik aliteremsha mikono kutoka kifuani bila mwenyewe kujua. Mzee aliimba mpaka pumzi ikaisha, kisha akaketi, akakitazama kibuyu kwa mshangao wa mtu aliyekutana na ndugu aliyeambiwa amekufa.

"Kumbe unapanda," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe miaka yote ulikuwa unapanda."

Beata alitaka kuomba msamaha tena, akaona neno lenyewe ni dogo mno. Mwalimu Pankras alimwita kwa mkono, akamkabidhi kibuyu mbele ya darasa lote.

"Kiweke vizuri, mwanangu," alisema.

Beata alikipokea kwa mikono miwili. Watoto walikuwa wanatetemeka, lakini hakuna aliyetaka kuinuka kufunga dirisha, kwa hiyo mkuu wa shule akaenda kuyafunga mwenyewe, moja baada ya jingine, na alipomaliza akauliza ni buibui wangapi wanahitajika vibuyu vikirudi kuwa kumi na viwili.